Nyumba ya kupanga Ng'ambo, Tabora: kila usiku kuna mtu anatembea na hatuoni. Ni mzimu au ni nini? Naombeni ushauri

MpangajiMgeni (mwenye uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo yamenifika. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Tumehamia nyumba hii mwezi wa tano, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nyumba ya zamani, matofali ya tope, bati la siku nyingi, nyuma kuna mwembe mkubwa umelalia paa upande wa jikoni. Kodi nafuu mno. Sasa nadhani najua kwa nini.

Kila usiku, saa mbili na robo hivi, anapita mtu. Anaanzia mlango wa mbele, anafuata ukumbi, anakwenda mpaka jikoni. Hatua kumi na moja, ko, ko, ko. Hakimbii, hasimami. Kati ya ukumbi na jikoni kuna ukuta, naye anaupita kama haupo. Jirani yetu, bibi mtu mzima sana, ameniambia hapo zamani palikuwa na mlango, ukazibwa.

Nimemwaga unga wa muhogo sakafuni, asubuhi hamna alama hata ya mende. Nimemkaribisha kwa mdomo wangu, hajibu. Juzi nikasimama katikati ya njia yake, nimefumba macho, akapita. Sikuhisi hata upepo. Ni kama sisi ndio tusiokuwepo.

Halafu kuna la pili. Mara tatu sasa nimeamka usiku wa manane kifua kizito, kichwa kinagonga, nikaona kama mtu kasimama mlangoni pa chumba. Siku moja katika hizo mtoto mdogo naye aliamka analia kichwa, akatapika.

Mama mkwe amekuja kutoka Kasulu kutusalimia, amesikia hatua usiku wa kwanza tu, akasema huo ni mzimu unadai. Amempata mganga. Anataka mbuzi mweusi na laki moja na nusu. Mume wangu kazi yake kuongeza sauti ya redio ikifika saa mbili. Hiyo laki na nusu ndiyo sare na madaftari ya mkubwa.

Swali langu: kitu kisichokuona, kisichokuomba chochote, kinachorudia lile lile kila siku, kinahesabiwa mzimu? Na nikitoa mbuzi, atampokea nani?

Mzaramo wa Kisarawe

Watani zangu Wanyamwezi, mmebeba mizigo ya Waarabu mpaka mmekufa bado mnabeba. Huyo mpagazi anatafuta pa kuutua. Mpeni kata ya kichwani.

KobeMwendokasi

Chai hii. Ila nimeweka mkeka, endelea.

Dawa Asilia Original

Pole dada tatizo lako dogo sana njoo inbox malipo baada ya

*[Ujumbe umefutwa na msimamizi. Matangazo yana jukwaa lake.]*

Ustadhi Mdogo

Assalaam aleikum dada yangu. Maiti akishafariki yuko barzakh, huko wafu wanakosubiri Kiyama, harudi kuja kuzurura ukumbini kwa mpangaji. Kinachosikika, kama kipo kweli, ni jini, na jini ni kiumbe mbali, hajawahi kuwa mtu. Soma Ayatul Kursi kabla ya kulala, msome Suratul Baqara humo ndani, tajeni jina la Mungu mkiingia na mkitoka. Na mbuzi usimtoe. Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mungu ni shirki, utakuwa umetoka kwenye hatua kumi na moja umeingia kwenye shimo.

MpangajiMgeni

Waaleikum salaam ustadhi. Sisi ni Waislamu na kisomo tunasoma. Anapita wakati tunasoma.

Mzee wa Igalula

Mwanangu, nimeyasoma. Nitasema ya kwetu, wengine waseme ya kwao.

Mzimu una ukoo. Hilo ndilo la kwanza tulilofundishwa. Ni babu yako au bibi yako, anakujua jina, anajua kosa lako. Anakuja ndotoni, au mtoto anaugua hamponi mpaka mtu aagulie aambiwe fulani anataka jina lake lirithiwe, au kaburi limesahauliwa limeota majani. Akishapewa chake anatulia. Mzimu usiokuwa na haja kwako sijawahi kuusikia, na mimi nina miaka sabini na tano.

Sasa wewe ni mpangaji. Nyumba si ya ukoo wenu. Mumeo ni Muha. Kama humo mna mzimu basi ni wa wenye nyumba, na tambiko hufanywa na wenye ukoo, kwenye mti wao au kaburi lao. Mganga anayekubali kumtambikia Muha mzimu wa watu wengine asiowajua majina, huyo anataka mbuzi. Mwambie mama mkwe wako maneno haya kwa heshima, ataelewa, Waha nao wanayajua haya vizuri.

Ulimsikia akipita bila kusimama? Basi kwetu huyo hana jina. Labda mzuka.

Mwalimu wa Kiswahili (mstaafu)

Mzee wa Igalula amenitangulia, shikamoo mzee. Naomba niongeze kuhusu maneno, maana nusu ya hofu ya dada iko kwenye maneno.

Tunasema mzimu, mizimu, kama mti na miti. Ngeli ya watu haikuhusishwa. Hatusemi "wazimu" kwa maana ya wafu wengi, ukisema wazimu umehamia wodi nyingine kabisa. Mzuka umetokana na kuzuka: kinachoibuka ghafla, ukakiona, kikapotea. Halazimiki kuwa na ukoo wala dai. Jini ni kiumbe chake peke yake, kama ustadhi alivyosema. Msukule, wanavyoamini watu, ni mtu aliyechukuliwa akadhaniwa amekufa, kwa hiyo hata kufa hajafa. Kivuli ndicho kilichobaki, na kivuli hakina habari na mtu, kinafuata tu.

Dada, umeuliza kama chako ni mzimu. Kwa lugha yetu hapana. Lakini angalia kichwa cha uzi wako: "kuna mtu anatembea na hatuoni." Kina maana mbili. Sisi hatuoni, na yeye hatuoni. Sijui kama ulikusudia. Kiswahili kimekusemea.

MpangajiMgeni

Shikamoo mwalimu. Sikukusudia, ila nimesisimka mwili.

Msomi wa Kanyenye

Hicho kinachokuhangaisha, cha kurudia bila kujali nani yupo, wenzetu Uingereza wamekipa fungu lake. Tukiite mzuka wa marudio. Wanautofautisha na ule unaojibu, unaogonga ukiuliza swali. Wa marudio, wanasema, ndani yake hamna mtu. Ni tukio limenasa mahali, linajicheza tena. Picha ya marehemu ukutani haipewi ugali.

Kisa chao maarufu kinafanana na chako mpaka nimecheka. Mwaka 1953, mji wa York, kijana wa miaka 18 anaitwa Harry Martindale alikuwa akifunga mabomba ya joto kwenye handaki la nyumba ya zamani iitwayo Treasurer's House. Akasikia tarumbeta, kisha ukutani wakatoka askari wa Kirumi, wachovu, wachafu, wakakatiza. Hawakumtazama hata mmoja. Na walionekana kuanzia magotini kwenda juu tu, mpaka walipofika pahali palipochimbwa ndipo miguu ikaonekana, kwa sababu chini pale kulikuwa na barabara ya Kirumi, na wao walikuwa wanatembea juu ya barabara yao, si juu ya sakafu ya leo. Kijana alikimbia. Baadaye akawa polisi, akakaa kimya miaka mingi, habari zikasambaa miaka ya 1970. Wewe una mlango uliozibwa, yeye alikuwa na barabara iliyofukiwa.

Wenye kuamini hayo husema mawe yananasa matukio kama kanda ya redio inavyonasa sauti. Jina lenyewe, kanda ya jiwe, lilitokana na mchezo wa televisheni wa BBC wa mwaka 1972, lakini wazo ni la zamani. Mwaka 1837 Charles Babbage, huyu huyu wa mashine za hesabu zilizozaa kompyuta, aliandika kwamba hewa ni maktaba kubwa ambayo kila neno lililowahi kusemwa limeandikwa humo daima. Na mmoja wa mifano aliyotoa ni mtumwa aliyetupwa baharini ili merikebu ipungue uzito: alisema bahari na hewa vitatoa ushahidi dhidi ya muuaji. Sisi wa Tabora tukisoma hapo tunapaswa kunyamaza kidogo.

Mjukuu wa Mpagazi

Msomi, nakuheshimu, ila hapo hapo ndipo hoja inapovunjika. Kama ardhi inanasa, Tabora ingelala saa ngapi? Njia ya Ujiji kwenda Bagamoyo imepita hapa miaka mingi, pembe na watu wamefungwa minyororo. Mtemi Isike alijilipua na baruti ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani wanaingia. Septemba 1916 Wabelgiji wameuchukua mji kwa mizinga. Pale Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nimeishi kilomita mbili kutoka hapo miaka kumi na moja, sijasikia hata kikohozi.

Jiwe lirekodi mtu mmoja anayekwenda jikoni kutafuta kiporo, lisirekodi maelfu waliopita wanalia? Tena nyumba ya huyu dada haina jiwe. Ni tope. Kanda ya redio ina unga wa chuma uliopangwa kwa sumaku na ina kichwa cha kuusoma. Tofali la tope lina nini cha kusomea?

Msomi wa Kanyenye

Sikusema naamini. Nilisema lina fungu. Hata wanaolitaja hawajaonyesha jiwe linafanyaje hiyo kazi. Ila umeniuma, hoja ya Isike sina jibu lake.

Nesi wa Zamu

Mnajadili kanda za mawe, huku mtoto katapika.

Dada, jibu maswali matatu. Jiko la mkaa mnalala nalo ndani? Zile siku tatu ulizoona mtu mlangoni, jiko lilikuwa ndani? Asubuhi ukitoka nje kichwa kinapona?

MpangajiMgeni

Mwezi huu wa saba Tabora baridi ya usiku mnaijua. Tunaliingiza likishakuwa makaa mekundu bila moshi, tunafunga madirisha. Siku tatu zile... ndiyo. Zote tatu. Na ndiyo, nikishafagia uwanja kichwa kinatulia, nilidhani ni hewa ya asubuhi tu.

Nesi wa Zamu

Litoe leo. Usisubiri uzi uishe. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari yenyewe, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa, kichefuchefu, kifua kizito, kuona na kusikia visivyokuwepo, na mwisho mtu analala haamki. Watoto huathirika upesi zaidi. Mpeleke mtoto kituo cha afya kesho, waeleze kwamba mlilala na jiko.

Hii si hadithi ya kukutisha. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika kuhusu familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani: hatua za miguu usiku, watu wamesimama pembeni ya kitanda, watoto wamepauka, vichwa vinauma, hata maua yanakauka. Ilikuwa tanuri la kupashia nyumba joto, limeharibika, moshi unaingia vyumbani badala ya kutoka nje. Likatengenezwa, mizuka ikahama.

MpangajiMgeni

Limetoka. Nimeandika hili nikiwa nimefungua madirisha yote, tumevaa masweta. Mama mkwe ananung'unika baridi. Asante dada nesi, mikono inanitetemeka.

Lakini hatua ziko pale pale. Saa mbili na robo jiko bado liko uani nimelipikia, na anapita. Mama mkwe anamsikia, bibi jirani alikuja akamsikia.

KobeMwendokasi

Samahani nilisema chai. Pole kwa mtoto.

Swali moja: bibi jirani alikwambia habari ya mlango kabla hujamsimulia hatua, au baada?

MpangajiMgeni

...Baada. Nilimwambia anapita ukutani, akafikiri, akasema "aah, hapo si palikuwa na mlango."

KobeMwendokasi

Basi mlango huo umefunguliwa na wewe. Simlaumu bibi. Hata mimi ukinisimulia hivyo nitakumbuka mlango.

Fundi Paa

Mimi sina Kiingereza kingi ila nimepanda mapaa ya mji huu toka nikiwa kijana. Nijibu haya: Bati limepigiliwa moja kwa moja au kuna dari? Papi zinakwenda kutoka mbele kwenda jikoni, au zinakatiza? Siku ya mawingu anakuja? Mume alishapanda juu kuangalia panya?

MpangajiMgeni

Mume amepanda, hamna panya, kuna popo wawili tu. Dari ya mbao iko ukumbini, jikoni hamna. Papi, kama ni zile mbao ndefu ambazo bati limepigiliwa, zinakwenda kutoka mbele kwenda nyuma, juu ya ukuta. Mawingu sijui, tangu tuhamie mbingu ni nyeupe usiku kucha.

Fundi Paa

Sawa. Sikiliza dada.

Mchana wa kiangazi bati hapa unaweza kukaangia yai. Jua likizama, mbingu haina wingu, bati linapoa haraka kuliko mbao iliyolibeba. Bati la mita 3 likipoa nyuzi 30 linafupika kama milimita 1. Ndogo, lakini msumari umelishika, halitaki kuachia, linavuta, linavuta, halafu linaachia mara moja: ko. Msumari unaofuata: ko. Dari ya mbao ukumbini ni ngoma, inakuza sauti.

Kwa nini anatembea? Sababu ni mwembe. Upande wa mbele paa liko wazi kwa mbingu, linapoa kwanza. Upande wa jikoni matawi yamefunika, linapoa mwisho. Kwa hiyo milio inaanzia mlango wa mbele inafuata papi mpaka mwembeni. Ukuta anaupita kwa sababu yuko juu ya ukuta. Na unga wako haukuwa na alama kwa sababu hajawahi kukanyaga chini.

Usiniamini. Kesho saa tisa mchana, jua kali, mpandishe mumeo na ndoo mbili za maji baridi ya kisima, aanze kumwaga upande wa mlango wa mbele arudi nyuma taratibu kuelekea mwembe. Wewe kaa ukumbini. Akanyage kwenye misumari tu, bati la zamani linatoboka.

Mzaramo wa Kisarawe

Mume wa watu akidondoka tutakuja kuzika na kugombania maiti, tumeshajiandaa.

Mjukuu wa Mpagazi

Hili la ndoo nalipenda kuliko vitabu vyote. Tunasubiri.

MpangajiMgeni

Wakuu. Nimerudi.

Kwanza mtoto amepimwa, yuko salama, tumeambiwa lile lile la nesi na tumefokewa vizuri. Tumestahili.

Sasa ndoo. Saa tisa na dakika kumi. Mume juu, watoto wote wa mtaa chini wanatazama, mama mkwe kakaa mlangoni na tasbihi. Mimi ukumbini peke yangu. Maji yakamwagika mbele.

Akaja. Mchana kweupe, jua la saa tisa, ko, ko, ko, kutoka mlangoni mpaka jikoni, ukuta kapita kama kawaida yake. Alikuwa na haraka kuliko usiku, na hatua zilikuwa zaidi ya kumi na moja, nilihesabu kumi na tano nikapoteza. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi. Mume anauliza juu, "Vipi, kapita?" Nikamwambia kapita, shuka.

Nimetoka kumweleza mama mkwe yote, bati, msumari, mwembe, nyuzi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mmemmwagia mtu maji ya baridi, mlitaka asikimbie?"

Fundi Paa

Hahaha. Mama huyo nampa shikamoo yangu.

Ukitaka atulie, ondoa misumari iliyochoka upige mipya yenye mpira. Ila mwambie mwenye nyumba agharimie, si wewe.

Mwalimu wa Kiswahili (mstaafu)

Mama mkwe amewashinda wote humu kwa sentensi moja. Kwa hoja yake hakuna ndoo inayoweza kumkanusha.

Mzee wa Igalula

Usibishane naye, mwanangu. Yeye amekuja kuwalinda wajukuu, na kwa kuja kwake jiko limetoka ndani, maana bila yeye na mganga wake usingeandika hapa. Mganga mwambieni amechelewa. Ila mama usimwache mikono mitupu.

MpangajiMgeni

Ndivyo tulivyofanya mzee. Nimemwambia mbuzi hatuna, ila Ijumaa nitapika ubwabwa wa nazi na maharage, tuwaite watoto wa mtaa, ustadhi wa hapa jirani asome dua kwa waliowahi kuishi nyumba hii, majina tusiyoyajua. Amekubali. Amesema lakini sufuria la kwanza lipakuliwe kabla ya saa mbili na robo.

Mwenye nyumba nimempigia kuhusu misumari. Amesema ataangalia. Halafu akauliza, nani kaniruhusu kupandisha watu kwenye paa lake.

Ustadhi Mdogo

Sadaka kwa watoto na dua kwa marehemu, hapo sina pingamizi. Allah azipokee.

KobeMwendokasi

Ijumaa baada ya swala au jioni? Ng'ambo sehemu gani, karibu na soko?

Mzaramo wa Kisarawe

Nipo stendi napanda basi.